Kusambaza si Kushuhudia

(Maandishi ya mawaidha yaliyotolewa na mwalimu wa madrasa mjini Mombasa, baina ya Magharibi na Isha)

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.



Nimeombwa nizungumzie mambo matatu ambayo vijana wetu huyauliza kila wakati: ukatili wa polisi, vita vya nchi za mbali, na nguvu ya mitandao ya kijamii. Nilipoketi kuyaandaa niliona kwamba kwa hakika mambo haya yanakutana mahali pamoja, napo ni kwenye ushahidi. Nani aliona? Aliyeona alisema nini? Na je, alilolisema ni kweli? Nitakayoyasema ni rai yangu. Yakiwa sawa, hiyo ni tawfiki ya Allah. Yakiwa na kosa, kosa ni langu, na milango ya kunirekebisha iko wazi.

USIKU ULE MTAANI KWETU

Naanza na nafsi yangu, kwani mwenye kuwanasihi watu akajisahau hujenga nyumba ya wenzake na yake inavuja.

Miaka michache iliyopita nilibaki madrasa baada ya Isha, nikisahihisha daftari za wanafunzi. Nikasikia kelele barabarani, nikachungulia dirishani. Askari watatu walikuwa wamemzunguka kijana mmoja, msukuma mkokoteni wa maji, ambaye mdogo wake ni mwanafunzi wangu. Mmoja wao alikuwa akimpiga kwa rungu, ilhali kijana keshaanguka, mikono ameiweka kichwani. Hakuwa na silaha, wala hakuwa akipigana. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili, kwa mwanga wa taa ya duka.

Ng'ambo ya barabara walikuwapo watu wakirekodi kwa simu. Haikupita saa moja, video ile ikanifikia mimi mwenyewe kupitia makundi matatu ya WhatsApp. Nami nikaisambaza kwa walimu wenzangu, nikaandika dua chini yake, kisha nikalala nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wangu.

Siku ya tatu mama yake yule kijana akaja madrasa. Mwanawe alikuwa amevunjika mkono. Alikuwa akitafuta watu walioona, wakaandikishe taarifa.

"Maalim," aliniambia, "dirisha lenu latazama pale pale. Wewe hukuona kitu?"

Nikamjibu, "Mama, nipe siku mbili nifikiri."

Ndugu zangu, siku zile mbili zikawa kumi na moja. Nilikuwa nikiogopa. Nina watoto, na nilijua kwamba jina langu likiandikwa kwenye karatasi litasomwa na watu ambao siwajui. Nilipokwenda hatimaye, aliyeirekodi video ile alikuwa ameshaifuta. Zilizobaki zilikuwa nakala za nakala. WhatsApp kwa kawaida hupunguza ubora wa video inapotumwa, na huondoa maelezo ya saa na mahali yaliyohifadhiwa ndani yake. Mtu mmoja alikuwa ameiandikia juu kwamba tukio lilitokea mji mwingine. Mwengine aliandika kuwa kijana yule ni mwizi. Askari wakasema alianguka akikimbia. Mji mzima ulikuwa umeiona video, na mpaka siku ile hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshuhudia.

Taarifa yangu iliandikwa, lakini shauri lenyewe halijaisha hadi leo. Mama yule kila tukikutana hunisalimia kwa adabu, na salamu yake hunichoma kuliko lawama.

MSICHANA WA MINNEAPOLIS

Baada ya tukio lile nikaanza kuyaangalia mambo ya dunia kwa jicho jengine. Tarehe 25 Mei 2020, katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, askari alimwekea goti shingoni mtu mweusi, George Floyd, kwa zaidi ya dakika 9 mpaka akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kana kwamba mtu huyo alipatwa na tatizo la kiafya wakati askari wakimkamata. Lau lisingekuwapo jicho jengine, maneno hayo ndiyo yangezikwa pamoja naye.

Jicho hilo lilikuwa la msichana wa miaka 17 aliyekuwa akienda dukani. Alisimama akarekodi mpaka mwisho, na dunia ikaona. Wengi tunaishia hapo kwenye kisa hiki, tukisema "mtandao ulileta haki". Hatusemi kwamba mwaka uliofuata msichana huyo alipanda mahakamani, akaapa, akaulizwa maswali mbele ya aliyemshuhudia, na akaeleza alichokiona. Aprili 2021 askari yule alipatikana na hatia ya mauaji, na Juni mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 22 na nusu.

Video iliamsha watu, nayo iliyafikia macho ya wazee wa baraza la mahakama kwa kuwa walikuwapo watu waliosimama pamoja nayo. Binti yule si wa dini yetu, na sidhani aliwahi kuisoma aya ya 135 ya Suratun Nisaa, ambayo inatuamuru tuwe wasimamizi wa uadilifu na mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ushahidi huo unatugusa sisi wenyewe au wazazi wetu. Sisi tumeihifadhi, nami ninaisomesha. Yeye aliitenda.

HAPA KWETU KENYA

Tusidhani maneno haya ni ya Marekani peke yake. Machi 2020, katika siku za kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13, Muislamu, aliuawa kwa risasi ya polisi jijini Nairobi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao. Alikuwa kwao na hakuvunja kafyu yoyote.

Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa mtandaoni kuhusu mkubwa mmoja wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, na kabla ya siku kupita akawa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Madaktari walioupasua mwili wake walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo, na michubuko sehemu nyingi za mwili, mambo ambayo mtu hajifanyii kwa kujigonga ukutani. Ikabainika pia kwamba kamera za kituo zilichezewa. Kamera ya serikali ilipofumbwa, daktari alisema kweli na akatia sahihi yake. Mkuu wa polisi akalazimika kukiri mbele ya Seneti kwamba maelezo ya kwanza hayakuwa sahihi, na askari kadhaa pamoja na raia wakashtakiwa kwa mauaji.

Siku chache baadaye, tarehe 17 Juni, watu walipoandamana kwa ajili ya kifo hicho, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu katikati ya Nairobi. Kamera za waandishi wa habari zilikuwapo. Kijana alifariki kabla ya mwezi kwisha, na askari akafikishwa mahakamani. Je, ni wachuuzi wangapi ambao kamera haikuwapo?

Hapa nataka kusema neno ambalo huenda lisiwafurahishe baadhi yenu. Askari pia ni watoto wetu. Wamo wanaosali nasi katika safu hizi. Wamo waliouawa Lamu na Garissa wakitulinda sisi na wanafunzi wetu. Mwenye kusema kwamba kila askari ni muuaji ametoa ushahidi wa uongo, na ataulizwa. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu akidhulumiwa na akidhulumu, na akabainisha kwamba kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo ewe askari unayenisikiliza, mwenzako anapoinua rungu juu ya mtu aliyekwisha kuanguka, mkono wako ndio ulio karibu zaidi kumzuia, na macho yako ndiyo yaliyo karibu zaidi kushuhudia. Ukificha kwa sababu mnavaa sare moja, umemsaidia katika dhulma.

MACHOZI YETU KWA WALIO MBALI

Tuje kwenye vita. Tangu Oktoba 2023 simu zetu zimejaa Gaza, na haki yetu kulia. Kufikia mwisho wa Julai 2025 Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 60,000 waliouawa, wengi wao wanawake na watoto. Israel iliwazuia waandishi wa nje wasiingie kwa uhuru, na waandishi wa ndani wakauawa mmoja baada ya mwengine. Simu ya mkaazi wa kawaida ndiyo ikabaki kuwa jicho la dunia. Na Januari 2024, Afrika Kusini iliposimama mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, miongoni mwa vilivyooneshwa zilikuwa video ambazo askari wa Israel walijirekodi wenyewe wakijifakharisha. Ulimi wa mtu ulimshuhudia.

Lakini tazameni sisi tulifanya nini na amana hiyo. Tulisambaza picha za Syria za miaka ya nyuma tukisema ni za Gaza. Zilizagaa pia video za mchezo wa kompyuta zikidaiwa kuwa ni mapambano ya kweli. Mwisho wa Mei 2024, baada ya shambulio kwenye mahema ya wakimbizi Rafah, picha moja ilisambazwa zaidi ya mara milioni 40 kwenye Instagram. Ilikuwa imetengenezwa na programu ya akili mnemba. Hapakuwa na Rafah ndani yake, wala mtoto, wala damu, wala hema la kweli. Sisemi waliosambaza walikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba palikuwapo picha za kweli, zilizopigwa na watu waliohatarisha roho zao, nasi tukachagua iliyo safi isiyomshuhudia mtu.

Na kila picha ya uongo tunayoisambaza kwa ajili ya aliyedhulumiwa ni zawadi kwa dhalimu. Ikifichuliwa moja, atasema zote ni za uongo, na mama aliyezika wanawe kwa kweli ataulizwa alete ushahidi upya.

Uadilifu una upande wa pili pia. Tarehe 7 Oktoba 2023 waliuawa watu wapatao 1,200 nchini Israel, wengi wao raia, na wengine wapatao 250 wakachukuliwa mateka. Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani, na katazo hilo halikuwekewa taifa. Aya ya 8 ya Suratul Maida inatuonya kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Mwenye kuitaja dhulma ya Gaza na akaikana hii amejivua sifa ya shahidi mwenyewe kwa mkono wake. Anayeitaja hii ili kuhalalisha ile naye ni vivyo hivyo.

Sasa niwaulize: ni wangapi kati yetu waliosambaza habari za Sudan? Mimi nilisoma Khartoum. Nilikula katika sinia moja na watoto wa Darfur. Vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, zaidi ya watu milioni 10 walihama makwao. Mji wa El Fasher ulizingirwa kwa takriban mwaka mmoja na nusu, ukaangukia mikononi mwa wapiganaji wa RSF tarehe 26 Oktoba 2025, na wapiganaji hao wakajirekodi wakiua watu wasio na silaha. Mwenzangu mmoja wa darasani alikuwa na jamaa zake mle. Aliniandikia kutoka ukimbizini kwamba mawasiliano yamekatika na hajui waliko. Nikafungua makundi yangu ya msikitini nitazame wanasema nini. Hapakuwa na neno. Muuaji pale alikuwa anaitwa Muislamu na aliyeuawa ni Muislamu, nasi hatukujua pa kuielekeza hasira yetu. Ndugu zangu, ikiwa tunalia pale tu ambapo adui si mwenzetu, basi hatulilii dhulma.

WENYE MITAMBO

Nguvu hii imo mikononi mwa nani? Simu ni yako, lakini mtambo unaoamua nani aone nini ni wa kampuni. Tuna dalili za wazi. Nchini Myanmar, kwa miaka kadhaa, maneno ya chuki dhidi ya Waislamu wa Rohingya yalienea kupitia Facebook. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Kampuni ilikiri Novemba 2018 kwamba haikufanya ya kutosha kuzuia mtandao wake usitumiwe kuchochea ghasia. Nchini Ethiopia, Novemba 2021, profesa wa kemia aliuawa nje ya nyumba yake baada ya maneno ya kumchongea kuenea kwenye mtandao huo huo. Mwanawe na wenzake walifungua kesi hapa Nairobi Desemba 2022, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza.

Mtambo huo uliozembea kuzuia chuki ulikuwa mwepesi kuzuia kilio. Desemba 2023 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyochunguza malalamiko 1,050 ya kufutiwa au kuzuiliwa maandiko kwenye Facebook na Instagram. Katika hayo, 1,049 yalihusu maneno ya amani ya kuunga mkono Palestina.

Serikali nazo zimejua. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa majirani zetu Tanzania, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa huku ghasia na mauaji yakiendelea. Anayelizima jicho la watu ana sababu ya kuliogopa.

Basi usiuegemeze ushahidi wako kwenye mtandao peke yake. Kampuni huweza kuufuta, na serikali huweza kuukata. Uongo nao hupanda juu yake. Mtandao ni bahasha tu, na barua umeiandika wewe.

TUFANYE NINI?

1. Thibitisha kabla ya kusambaza. Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat inaamrisha kuhakikisha habari, na sababu iliyotajwa ni kwamba tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Jiulize: nani amerekodi? Wapi? Lini? Usipojua, acha. Kunyamaza juu ya usilolijua hakukuandikii dhambi.

2. Ukirekodi, hifadhi asili yake. Usiifute, usiikate, usiipambe kwa muziki wala maandishi. Andika pembeni tarehe, saa, mahali na majina ya waliokuwapo. Weka nakala kwa mtu wa pili unayemwamini.

3. Aliyepigwa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio cha polisi, na nambari yake ichukuliwe. Fomu ya P3 ijazwe na daktari. Kituo kikikataa, iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, IPOA, yenye ofisi hapa Mombasa.

4. Usimwache shahidi peke yake. Hofu niliyokuwa nayo mimi ni hofu ya kweli, na hamtaiondoa kwa kunihutubia. Mtaondoa kwa kufuatana nami. Wangekuja wazee watatu wa msikiti wakaniambia, "Maalim, twende pamoja," ningekwenda siku ile ile. Na ikiwa tishio ni kubwa, sheria ya Kenya imeweka Wakala wa Kuwalinda Mashahidi, tumsaidie mtu kuufikia.

5. Ushahidi wako uwe juu ya watu wako pia. Kijana wetu akipora simu, tusimfiche kwa kuwa baba yake yuko safu ya mbele. Hatuwezi kudai uadilifu kituoni na tukaunyima mtaani.

HITIMISHO

Ndugu zangu, aya ya 36 ya Suratul Israa inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Sikuona pahali palipotajwa kwamba tutaulizwa tumesambaza kwa wangapi. Tutaulizwa tulichokiona, na tulichokifanya baada ya kukiona. Aya ya 283 ya Suratul Baqara imeitaja dhambi ya kuficha ushahidi kuwa ni dhambi ya moyo. Niliyafundisha hayo kwa miaka mingi kabla sijayaelewa, na aliyenielewesha ni mama mmoja asiyejua kusoma, aliyesimama mlangoni mwa madrasa na kuniuliza kama sikuona kitu.

Nimemwomba radhi. Amenisamehe kwa ulimi wake, Allah amlipe kheri. Lakini mkono wa mwanawe haukunyooka vizuri, na mkokoteni wake anausukuma mtu mwengine. Ikiwa katika nyinyi kuna aliyekuwa barabarani usiku ule, na bado anayo video yake ya asili, namwomba baada ya Isha aje aniamkie. Tutakwenda pamoja.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe mashahidi wa haki. Wanusuru waliodhulumiwa Palestina, Sudan, Myanmar na katika mitaa yetu. Wazuie madhalimu na dhulma zao, na utulinde tusiwe miongoni mwao kwa vitendo vyetu wala kwa kunyamaza kwetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.